GPS ya Mkononi na Ardhi ya Songwe: Utangulizi

Watu wawili wakisimama pamoja Tunduma, bega kwa bega, mmoja akiwa na kifaa cha GPS kilichopangwa kwa ramani za Tanzania na mwingine akiwa na kilichopangwa kwa ramani za Zambia, namba watakazosoma zitapishana kwa makumi ya mita. Akija wa tatu na simu yake ya kawaida, namba yake itakuwa mbali na za wenzake kwa mita 200 hadi 300 hivi. Hakuna kifaa kibovu kati ya hivyo vitatu. Kila kimoja kimehesabu sawasawa kikianzia kwenye msingi wake, na hapa mpakani misingi miwili ya zamani inakutana na mmoja wa kisasa.

Naanza na jambo hili kwa sababu ndicho kiini cha elimu ninayokukaribisha. Wengi hudhani kujua GPS ni kujua vitufe: bonyeza hapa, weka alama pale, fuata mshale. Vitufe utavizoea mapema. Kinachochukua muda, na chenye utamu wake, ni kuifahamu namba inayotokea kwenye skrini: imepimwa kutoka wapi, inaweza kukosea kwa kiasi gani, na lini usiitegemee. Ukiyajua hayo, hata kifaa cha bei ndogo kitakufaa. Usipoyajua, kifaa cha bei kubwa kitakupoteza kwa ufasaha zaidi.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, ukamegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawa Vwawa. Ni mkoa mchanga ambao shughuli zake nyingi zinahitaji mtu ajue hasa yuko wapi. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anaulizwa shamba lake lilipo. Mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Saza na Mkwajuni riziki yake imo ndani ya kona za leseni. Kamati za vijiji zinapima mipaka ya mashamba, na Mbozi ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kabisa nchini kutoa hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwaka 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na mwaka huohuo operesheni ya anwani za makazi ikaingiza nyumba kwenye mfumo wa anwani uitwao NaPA. Kwa hiyo hata kama hujawahi kushika GPS, huenda mlango wako umeshapewa namba.

Tuanze na saa, kwa maana GPS ni elimu ya saa kabla haijawa elimu ya mahali. Ukiona umeme wa mvua umemulika, kisha ukahesabu sekunde hadi ngurumo ikufikie, umepima umbali kwa kutumia muda. GPS hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio. Setilaiti zake huzunguka dunia kwenye kimo cha kilometa 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa ya atomiki, na kila moja hutangaza bila kukoma mahali ilipo na wakati ulivyo. Kifaa chako hupokea tangazo hilo, hupima lilichukua muda gani njiani, kisha huzidisha muda huo kwa kasi ya mwanga. Safari nzima haifiki sehemu ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana kosa la sehemu moja tu ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Saa iliyomo ndani ya kifaa cha mkononi ni ya bei nafuu na haina uwezo wa usahihi huo, kwa hiyo setilaiti tatu hazitoshi. Inahitajika ya nne ili kifaa kiirekebishe saa yake huku kikitafuta latitudo, longitudo na kimo: mambo manne yasiyojulikana, milinganyo minne.

Wazo la kupata mahali kwa kutumia saa lilifika katika nchi hii muda mrefu kabla ya setilaiti. Mpaka unaopita Tunduma ulichorwa kwanza mezani, katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaja kuupima ardhini, kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika, na upande wa Waingereza uliongozwa na Charles Close. Latitudo waliweza kuipata kwa kutazama nyota. Longitudo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilibidi mtu ajue, kwa dakika ileile, saa ya mahali pengine panapojulikana. Waliipata kwa ishara za simu ya waya walizopokezana na David Gill, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota cha Cape Town. Katika latitudo yetu, kosa la sekunde moja ya saa humsogeza mpimaji mashariki au magharibi kwa zaidi ya mita 450. Hebu fikiria mtu porini, na taa ya mafuta, akisubiri mdundo wa waya ili ajue yuko wapi. Mimi huwaheshimu sana watu hao na wapagazi waliowabebea vyombo, ingawa mpaka waliokuja kuupima haukuwa wao wala wetu kuuchagua.

Historia ya setilaiti zenyewe ni fupi. Marekani ilirusha ya kwanza ya mfumo huu mwaka 1978 kwa ajili ya jeshi lake. Mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea kupotea njia na kutunguliwa na Wasovieti, Rais Reagan aliahidi kuwa raia nao wataruhusiwa kuutumia. Mfumo ulitangazwa kukamilika mwaka 1995, lakini ishara ya raia ilikuwa ikivurugwa makusudi, na kosa liliweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa Mei 2000. Tangu hapo kifaa cha mkononi, chini ya anga wazi, hutoa mahali kwa kosa la mita tatu hadi tano hivi, na leo vifaa vingi husikia pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Sasa turudi kwenye misingi, ambayo wapimaji huiita datamu. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na uso wake una mabonde na milima, kwa hiyo huwezi kuhesabu juu yake moja kwa moja. Unachagua umbo laini la kihesabu linaloikaribia, kisha unalifunga kwenye ardhi kwa vituo vilivyopimwa. Gill huyohuyo wa Cape Town alipendekeza mwaka 1879 kwamba Afrika ipimwe kwa mnyororo wa pembetatu kutoka kusini hadi Misri, ukifuata longitudo ya 30 mashariki. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1954. Mnyororo ulipita magharibi mwa Songwe, ukapanda upande wa Ziwa Tanganyika kuelekea Uganda. Kutokana nao zilipatikana datamu mbili: Arc 1950, inayotumika Zambia na majirani zake wa kusini, na Arc 1960, ya Tanzania, Kenya na Uganda. Zote hutumia umbo lililohesabiwa na Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880, ambalo nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni mita 6,378,249. GPS hutumia WGS84, ambayo kwake nusu kipenyo hicho ni mita 6,378,137. Tofauti ni mita 112 tu, lakini vitovu vya maumbo hayo pia havikai mahali pamoja, na hapo ndipo namba zinapotengana.

Madhara yake si ya darasani. Chukua eneo la uchimbaji la hekta 10 lenye umbo la mraba. Kila upande una mita 316. Kona zake zimeandikwa kwa digrii katika Arc 1960. Mchimbaji anaziingiza kwenye kifaa kilichoachwa katika WGS84, kama kilivyotoka dukani, kisha anasimika vigingi. Hapa Songwe vigingi vyake vitasogea takriban mita 200 kaskazini au kusini, na mita 80 mashariki au magharibi. Piga hesabu utaona kwamba karibu robo tatu ya eneo lake ameliacha, na shimo analochimba limo kwa jirani. Hakuna aliyeiba, ila ugomvi utakaotokea ni wa kweli. Mtu akikupa kodineti, swali la kwanza ni moja: katika datamu gani? Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado zina manufaa makubwa, ziko katika Arc 1960, na jambo hilo limeandikwa pembeni ya ramani kwa herufi ndogo. Kwa kazi mpya nchi ina TAREF11, ambayo kwa mwenye kifaa cha mkononi haitofautiani na WGS84 kwa kiasi anachoweza kukiona.

Baada ya datamu kuna namna ya kuandika. Tunduma iko karibu na latitudo 9°18′ kusini na longitudo 32°46′ mashariki. Andika 9.18 na 32.46 ukidhani umeandika kitu kilekile, na utakuwa umehama kilometa 13 kaskazini na zaidi ya 30 magharibi, kwa sababu dakika 18 ni digrii 0.3, wala si 0.18. Sahau alama ya kutoa inayoonyesha kusini, na Tunduma yako itaangukia Sudan Kusini. Haya hutokea kila siku kwenye majedwali ya ofisi.

Kwa kazi za shambani nakushauri uzoee UTM, namna ya kuandika mahali kwa kanda na mita badala ya digrii. Mkoa wote wa Songwe uko katika kanda ya 36 kusini, na hapa tumebahatika kuliko mikoa mingi: mstari wa kati wa kanda hiyo, longitudo ya 33, unakatiza mkoa wetu. Mstari huo umepewa thamani ya mita 500,000. Vwawa iko kidogo magharibi yake, kwa hiyo namba yake ya mashariki ni pungufu ya 500,000. Tunduma ni pungufu zaidi, kama 475,000. Kimondo cha Mbozi kiko kilometa chache upande wa pili, kwa hiyo namba yake inazidi. Namba ya kaskazini huanzia ikweta ikiwa na mita 10,000,000 na kupungua kadiri unavyoshuka kusini. Ukikaa hapa unaweza kuujifunza mfumo mzima kwa miguu, bila kupanda basi la mbali.

Kuhusu kununua, nina maoni yangu na nitayasema waziwazi. Kwa mtu wa Songwe, jambo la kwanza ni betri. Kifaa kinachotumia betri mbili za AA kina faida kubwa kuliko kinachochajiwa kwa waya, kwa sababu betri hizo zinauzwa hadi kwenye duka la kijijini, na huko bonde la Rukwa umeme hauko kila mahali. Garmin eTrex 10, yenye skrini isiyo na rangi, ni ya aina hiyo, na mtengenezaji wake anasema hudumu hadi saa 25. Kwa afisa ugani, kamati ya ardhi au mwalimu wa jiografia, inatosha. Anayefanya kazi chini ya miti mingi, au kwenye makorongo ya Ileje, ajitahidi apate chenye antena ndefu iliyochomoza, kama familia ya GPSMAP, maana hupokea vizuri zaidi anga inapobanwa. Vifaa vilivyotoka tangu mwaka 2020 vinavyopokea masafa mawili, kwa mfano GPSMAP 65, hupunguza kosa linalotokana na tabaka la juu la angahewa, ambalo katika tropiki huvurugika hasa baada ya jua kuchwa. Vitufe ni bora kuliko skrini ya kugusa mikono ikiwa na tope. Usilipie zaidi kwa sababu ya neno WAAS kwenye boksi. Ni masahihisho yaliyotengenezwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini. Ukinunua kilichotumika, kiwashe uwanjani na uangalie tarehe: vingi vya zamani vilipoteza hesabu ya wiki Aprili 2019 na sasa vinaonyesha mwaka usio sahihi. Fungua pia orodha ya datamu uhakikishe Arc 1950 na Arc 1960 zimo.

Na simu je? Simu nzuri ina kipokezi cha kweli cha setilaiti, nayo hufanya kazi hata pasipo mtandao, mradi ramani umeipakua mapema. Kwa kutembea njia zinazojulikana inatosha. Udhaifu wake ni chaji, vumbi, mvua na jua linalofuta skrini. Tunduma ina tatizo lake la pekee: simu hurukia mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa ya simu ikirudi nyuma katikati ya kazi, daftari lako litakuwa na vipimo vilivyofanyika kabla ya vile vilivyotangulia. Wakati wa setilaiti haujui mpaka huo. Panga kifaa kionyeshe saa ya Afrika Mashariki, na andika hivyo juu ya ukurasa.

Kutumia kifaa kunataka subira kuliko ujuzi. Kikiwa kimezimwa muda mrefu, au kimesafirishwa mbali, kiweke mahali wazi kwa robo saa. Ratiba kamili ya setilaiti zote hutangazwa kwa mzunguko wa dakika 12 na nusu. Kaa mbali na paa za bati na malori, kwa sababu ishara hugonga chuma na kufika kwa njia ndefu zaidi, na kifaa huamini njia hiyo ndefu. Foleni ya malori ya Tunduma ni mahali pabaya sana pa kupima. Usikibane kifuani. Pale penye umuhimu, tumia wastani wa vipimo vingi, urudi tena saa nyingine ya siku urudie. Ile namba ya usahihi inayoonyeshwa, mita tatu au nne, ni makadirio ya kifaa chenyewe na haikuahidi chochote. Kimo ndicho dhaifu kuliko vyote, ingawa vyombo vikubwa vya wapimaji hufanya maajabu: mwaka 1999 timu iliyotumia GPS juu ya Kilimanjaro ilipata mita 5,892.55, wakati vitabu vyetu bado vinasema 5,895.

Wakulima wa kahawa wana sababu mpya ya kuyajua haya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, ambayo tarehe ya kuanza kwake imesogezwa zaidi ya mara moja, inataka mahali pa kila shamba paandikwe kwa tarakimu sita baada ya nukta, na shamba linalozidi hekta 4 lizungushiwe mpaka wake wote. Tarakimu ya sita ni kama sentimeta 11. Kifaa chako kinakosea kwa mita kadhaa. Ziandike zote sita kwa kuwa sheria inataka, lakini mtu asije akadai kisiki cha mkahawa wa jirani kwa kutegemea tarakimu ya mwisho. Kwa eneo ni vivyo hivyo: ukizunguka ekari moja na kifaa cha mkononi, jibu linaweza kukosea kwa asilimia kadhaa, ukizunguka robo ekari, linaweza kufika sehemu ya kumi. Vipande vidogo ndivyo vinavyogombewa zaidi, na ndivyo GPS inavyovipima vibaya zaidi. Kwa hiyo nasisitiza: kwenye mpaka wa kipande kidogo, jiwe lililopo ardhini na majirani wawili waliosimama kando yake wana nguvu kuliko namba yangu na yako. Kazi ya namba ni kumsaidia mtu alifikie lile jiwe miaka ikipita na majani yakiota, na penye kesi aitwe mpima ardhi mwenye leseni.

Ardhi nayo husogea chini ya namba. Ziwa Rukwa ni la kina kifupi, na ufuko wake hupanda na kushuka kwa kiasi kwamba alama iliyowekwa ufukoni zamani inaweza kuwa majini leo. Mto Songwe unaotutenga na Malawi hubadili mkondo wake wa chini kwa mafuriko, ukichukua ardhi upande mmoja na kuiweka mwingine. Tena kuna Songwe mbili: huo unaoingia Ziwa Nyasa, na mwingine unaoingia Rukwa. Jina peke yake halitoshi kumwelekeza mgeni.

Mwisho, usiache dira na ramani ya karatasi nyumbani. GPS inajua ulipo. Mwelekeo huujua vizuri tu ukiwa unatembea, au ikiwa ina dira ya kielektroniki, ambayo nayo hudanganywa na chuma kama dira yoyote. Kimondo cha Mbozi, chuma kitupu chenye nikeli kidogo, kinakadiriwa tani 16. Wenyeji walikifahamu tangu zamani. Mwaka 1930 kiliandikwa na W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia somo la vitendo.

Anzia Vwawa, basi. Weka kifaa kwenye UTM, kanda ya 36 kusini, WGS84. Safiri kuelekea kimondo ukitazama namba ya mashariki ikipanda, na ikifika 500,000 simama uangalie pande zote, kisha endelea. Ukifika, kikaribie kile chuma na dira polepole uone sindano inavyogeuka, huku kodineti za kifaa zikibaki zilivyo. Andika kodineti. Badilisha datamu iwe Arc 1960, bila kuhama hatua moja, uandike tena. Ondoa namba moja kwenye nyingine, na kazi ya chuo cha ardhi, iwe Morogoro au Chuo Kikuu Ardhi, itakuwa kukueleza kwa nini umepata tofauti hiyo.